Lodi Delamere: Nasaba ya Kibwanyenye na Ardhi ya Bonde la Ufa

Utangulizi

Wanaofika Kenyatta Market, magharibi ya jiji la Nairobi, huenda huko kwa shughuli zinazojulikana: kula nyama choma, kusukwa nywele, kununua mboga na mitumba, au kupumzika baada ya kumtazama mgonjwa katika Hospitali Kuu ya Kenyatta iliyo jirani. Wengi wao huwa wametoka katikati ya jiji kwa kupitia barabara ya Kenyatta au karibu nayo. Jina ni lilelile barabarani, hospitalini na sokoni, hata limezoeleka kiasi cha kutoulizwa. Hata hivyo, hospitali hiyo iliwahi kuitwa kwa jina la Mfalme George wa Sita wa Uingereza, na barabara hiyo iliitwa Delamere Avenue hadi wakati wa uhuru. Palikuwapo pia sanamu kubwa ya shaba ya mwenye jina hilo, iliyofinyangwa na mchongaji Kathleen Scott. Sanamu hiyo iliondolewa nchi ilipopata uhuru, ikapelekwa katika shamba la familia yake huko Soysambu, karibu na ziwa Elmenteita.

Delamere huyo alikuwa nani? Vijana wengi wa leo hulijua jina lake kutokana na pakiti za maziwa na mtindi. Wengine wamelisikia katika mijadala ya ardhi, pale msemaji anapotaka kutoa mfano wa mtu mwenye mashamba yasiyo na mwisho. Makala haya yanakusudia kueleza maisha yake kuanzia kwenye nasaba yake. Hoja yetu ni kwamba Delamere hawezi kueleweka kama mlowezi tu. Alikuwa mrithi wa ukoo wa kikabaila, naye alikuja Afrika Mashariki na fikra za ukoo huo kuhusu ardhi, cheo na urithi. Fikra hizo zilipopandwa katika Bonde la Ufa, ziliwakuta watu wengine waliokuwa na koo zao, urithi wao na haki zao.

Chimbuko la ukoo

Jina la kuzaliwa la Lodi Delamere lilikuwa Hugh Cholmondeley. Jina hilo la ukoo lina herufi 12 katika maandishi, lakini Waingereza hulitamka kwa ufupi, takriban kama Chamli. Limetokana na kijiji kilichomo katika jimbo la Cheshire, kaskazini magharibi ya Uingereza. Ukoo huu ulijihesabu miongoni mwa zile familia kongwe zilizoinuka baada ya mwaka 1066, wakati Wanormani kutoka kaskazini ya Ufaransa walipoiteka Uingereza. Ikumbukwe kwamba Wanormani walipoteka nchi hiyo waliwanyang'anya mabwana wa Kisaksoni ardhi zao na kugawiana wao kwa wao. Utawala wa Cheshire ulikabidhiwa Hugh wa Avranches, mkabaila wa Kinormani. Kwa karne kadhaa, lugha ya mabwana ikawa Kifaransa na lugha ya wakulima ikabaki Kiingereza. Hata jina Delamere lina sura ya Kifaransa, nalo linahusiana na msitu wa Delamere na maziwa madogo yaliyoko Cheshire.

Kwa hiyo, asili ya ukabaila wa Kiingereza yenyewe ni utekaji wa ardhi uliohalalishwa kwa hati za mfalme. Jambo hili linafaa kukumbukwa tutakapofika Njoro.

Tawi la ukoo wa Cholmondeley linalotuhusu lilipata makao yake makuu mwanzoni mwa karne ya 17. Bibi Mary Cholmondeley, mjane mwenye mali nyingi na hodari wa kesi za mahakamani, aliinunua Vale Royal, iliyokuwa zamani nyumba ya watawa. Nyumba hiyo ilikuwa imeanzishwa na Mfalme Edward wa Kwanza katika karne ya 13, ikafungwa mwaka 1538 wakati Mfalme Henry wa Nane alipozivunja nyumba za watawa na kuzichukua ardhi zao. Hapa napo tunaona ardhi ikihama kutoka mikono mitakatifu hadi mikono ya waungwana kwa amri ya dola.

Cheo chenyewe kilikuja baadaye sana. Mnamo mwaka 1821 Thomas Cholmondeley, aliyewahi kuwa mbunge wa Cheshire, alipewa ubaroni na kuwa Lodi Delamere wa kwanza. Ubaroni ndio ngazi ya chini kabisa kati ya ngazi tano za vyeo vya urithi vya Uingereza, lakini ulimpa mwenyewe kiti katika Bunge la Malodi. Mrithi wake alikuwa mwanawe Hugh, Lodi wa pili. Huyu alikuwa karibu na umri wa miaka 60 alipojaliwa mtoto wa kiume, tarehe 28 Aprili 1870. Mtoto huyo aliitwa Hugh kama babake, naye ndiye shujaa, au mtuhumiwa, wa makala haya.

Kanuni ya urithi wa ukoo kama huu ilikuwa moja: cheo na ardhi humwendea mwana wa kwanza wa kiume, bila kugawanywa. Wadogo zake hujitafutia jeshini, kanisani au ng'ambo. Ni kanuni iliyo mbali na mirathi ya Kiislamu ya pwani yetu, ambapo kila mrithi ana fungu lake, na mbali pia na desturi za Wamaasai, ambapo ng'ombe walikuwa wa familia lakini malisho yalikuwa ya jamii nzima.

Ujana na safari za Usomali

Hugh alisoma katika shule ya Eton, shule ya watoto wa wakubwa. Hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa. Babake alifariki mwaka 1887, na kijana wa miaka 17 akawa Lodi Delamere wa tatu, mwenye Vale Royal na maelfu ya ekari zake. Lakini Cheshire haikumtosha. Mwaka 1891 alikwenda Usomali kuwinda simba, akarudi tena na tena. Katika mojawapo ya safari hizo, mwaka 1894, simba alimrukia na kumjeruhi vibaya mguuni. Aliyemwokoa alikuwa mbeba bunduki wake Msomali, Abdullah Ashur, aliyemvamia simba kwa mikono mitupu hadi bwana wake akaipata bunduki. Delamere alichechemea maisha yake yote. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba historia nzima iliyofuata, mashamba, siasa na sanamu, ilitegemea dakika moja ya ushujaa wa Msomali ambaye hana barabara wala sanamu.

Mwishoni mwa mwaka 1896 aliondoka tena Berbera na msafara wa ngamia, akaelekea kusini. Mwaka 1897, baada ya kuvuka nchi kame za kaskazini, alifika katika nyanda za juu za Laikipia. Aliona nyasi, mito, hali ya hewa ya baridi na nafasi kubwa. Macho yake yalikuwa ya mkabaila: aliona shamba. Hakuona, au hakutaka kuona, kwamba malisho hayo yalikuwa na wenyewe. Wamaasai walikuwa wamepungua kwa sababu ya sotoka ya ng'ombe, ndui na vita vya ndani vya miaka ya 1890. Nchi iliyoonekana tupu ilikuwa nchi ya watu waliokuwa wakijikusanya upya baada ya maafa.

Mwaka 1899 alimwoa Florence Cole, binti wa mkabaila wa Ireland, Eali wa Enniskillen. Ndugu wawili wa mkewe, Berkeley na Galbraith Cole, nao walihamia Kenya. Hivyo walowezi wakubwa wa Bonde la Ufa hawakuwa watu waliokutana kwa bahati. Walikuwa mashemeji, mabinamu na rafiki wa shule moja. Mtoto wao wa pekee, Thomas, alizaliwa mwaka 1900.

Njoro: majaribio na hasara

Reli ya Uganda ilifika ziwa Viktoria mwaka 1901. Ilikuwa imeigharimu serikali ya Uingereza mamilioni ya pauni, na Kamishna Charles Eliot alitaka walowezi watakaolima mazao ya kujaza mabehewa yake. Sheria ya Ardhi ya Kifalme ya mwaka 1902 ilikuwa imeshampa uwezo wa kuigawa ardhi. Delamere alipoomba, alipewa mwaka 1903 ekari 100,000 huko Njoro, kwa kukodi miaka 99. Kodi ilikuwa pauni 200 kwa mwaka, yaani chini ya nusu ya peni kwa kila ekari, pamoja na sharti la kutumia pauni 5,000 katika kuliendeleza shamba kwa miaka mitano ya mwanzo.

Haki inatutaka tuseme kwamba mtu huyu hakuwa mvivu wala bahili. Alipofika Njoro aliishi katika vibanda vya udongo na nyasi, mbali kabisa na kasri la Vale Royal. Aliagiza kondoo majike 500 wa merino kutoka New Zealand, na wengi wao wakafa. Aliagiza ng'ombe wa Ulaya, wakashambuliwa na homa ya mapafu na maradhi yanayoenezwa na kupe. Ilibainika baadaye kwamba udongo wa sehemu hiyo ulikosa madini yanayohitajiwa na mifugo. Wamaasai walikuwa wakilijua jambo hilo siku nyingi, ndiyo maana hawakupenda kulisha mifugo yao huko. Ujuzi huo ulikuwapo karibu, kwa watu aliozungumza nao kila siku, lakini hakuutumia.

Akageukia ngano. Mwaka 1909 alipanda ekari 1,200, zikaangamizwa na ugonjwa wa kutu. Badala ya kuacha, alimwajiri mtaalamu na kuanzisha maabara shambani ili kupata mbegu zinazostahimili kutu. Hiyo ndiyo iliyokuwa mizizi ya utafiti wa ngano nchini Kenya, na hadi leo Njoro ni makao ya utafiti huo. Mwaka 1908 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kampuni ya kusaga nafaka ambayo, kinyume cha desturi ya walowezi, ilipewa jina la Kiswahili lililo wazi kwa kila mtu: Unga. Kampuni hiyo ingali ikifanya kazi.

Fedha za majaribio haya yote zilitoka Cheshire. Aliweka rehani mali ya ukoo wake, akaikodisha Vale Royal kwa watu wengine, akakopa benki. Aliiharibu nyumba ya babu zake ili ajenge nyingine Afrika. Hapa ndipo ilipo tofauti kati yake na wengi waliokuja kuchuma na kuondoka. Yeye alikuja kupanda ukoo.

Soysambu na kuhamishwa kwa Wamaasai

Ukoo unahitaji ardhi nzuri, na ardhi nzuri ilikuwa kando ya maziwa ya Bonde la Ufa. Tarehe 10 Agosti 1904, serikali ilifanya mkataba na Olonana, aliyejulikana kwa Waingereza kama Lenana, pamoja na wazee wengine wa Kimaasai. Wamaasai walikubali kuondoka katika eneo la Naivasha na Nakuru na kwenda katika hifadhi mbili, moja Laikipia na nyingine kusini ya reli. Waliahidiwa kwamba mpango huo ungedumu muda wote ambao taifa lao lingekuwapo duniani. Ni katika bonde lililoachwa hivyo ndipo Delamere alipopata shamba lake la pili, Soysambu, lenye takriban ekari 50,000 kando ya Elmenteita. Jina lenyewe ni la Kimaasai. Mifugo yake ilinawiri huko, kwa sababu Wamaasai walijua walikuwa wamelisha wapi.

Ahadi ya kudumu ilidumu miaka saba. Mwaka 1911, kwa mkataba wa pili, Wamaasai wa Laikipia waliamriwa kuhamia kusini ili nchi yao nayo wapewe walowezi. Legalishu, kiongozi wa Laikipia, alipinga kwa muda mrefu kabla ya kukubali. Uhamisho ulifanyika kwa awamu hadi mwaka 1913, na watu na mifugo walikufa njiani. Wamaasai walikwenda mahakamani mwaka huo wa 1913, wakiongozwa na Ole Njogo. Mahakama haikuyagusa madai yao. Ilisema mikataba ilikuwa kati ya dola mbili, kwa hiyo haikuwa kazi ya mahakama kuiamua. Kwa maneno mengine, Wamaasai walihesabiwa kuwa taifa huru siku ile tu walipodai haki, na raia wa kuamrishwa siku nyingine zote.

Delamere mwenyewe alijifunza Kimaasai, aliwaajiri Wamaasai kuchunga mifugo yake, na aliketi nao jioni akizungumza. Wapo waliomwita rafiki wa Wamaasai. Lakini urafiki wa mtu mmoja na mchungaji wake hauondoi swali la nani mwenye nyumba. Ukabaila wa Cheshire nao ulikuwa na utamaduni wa bwana mwema anayewajua wapangaji wake kwa majina. Uliruhusu huruma, haukuruhusu usawa.

Siasa: lodi katika koloni

Huko Uingereza Delamere alikuwa na kiti katika Bunge la Malodi kwa kuzaliwa. Huku Kenya alikipata kiti kwa nguvu za tabaka lake. Baraza la Kutunga Sheria lilipoanza mwaka 1907 alikuwamo. Mwaka uliofuata aliongoza walowezi hadi nyumbani kwa gavana kulalamikia masharti ya kuajiri vibarua Waafrika, akasimamishwa kwa muda katika Baraza hilo. Walowezi walipopewa haki ya kupiga kura, alichaguliwa mwaka 1920 kuwakilisha Bonde la Ufa, na alibaki kiongozi wao hadi kifo chake.

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi wana ukumbusho wake karibu na lango lao, yaani hoteli ya Norfolk iliyofunguliwa mwaka 1904. Huko ndiko Delamere na wenzake walikofanya vituko vyao, vikiwamo vya kupiga risasi taa na kuingia na farasi katika ukumbi wa chakula, kama masimulizi ya walowezi yanavyodai. Lakini mtaa huohuo ulishuhudia jambo lisilo la kuchekesha. Mnamo tarehe 16 Machi 1922, askari waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika kudai Harry Thuku aachiliwe. Inasimuliwa kwamba baadhi ya walowezi walishiriki kufyatua kutoka baraza ya hoteli. Leo barabara hiyo ina jina la Thuku.

Lengo la kisiasa la Delamere lilikuwa Kenya iwe nchi ya Wazungu, yenye serikali yao wenyewe, kama ilivyokuwa Afrika Kusini. Alipinga Wahindi kupewa haki sawa na kupata ardhi katika nyanda za juu. Mgogoro huo ulimalizwa na Waraka wa Devonshire wa mwaka 1923, ambao uliwanyima Wahindi nyanda hizo lakini pia ukatamka kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo yatakayotangulia. Tamko hilo halikutekelezwa kwa muda mrefu, lakini liliziba njia aliyoitaka Delamere. Mwaka 1925 aliwakusanya walowezi wa nchi mbalimbali huko Tukuyu, Tanganyika, kutafuta shirikisho litakalotawaliwa na wao. Shirikisho hilo halikupatikana.

Mkewe Florence alikuwa amefariki mwaka 1914. Mwaka 1928 alimwoa Gwladys Markham, ambaye baadaye alikuwa meya wa Nairobi. Delamere alifariki tarehe 13 Novemba 1931, akiwa na umri wa miaka 61, akazikwa Soysambu. Aliacha deni la benki la takriban pauni 500,000.

Ukoo baada yake

Cheo kilimwendea Thomas, Lodi wa nne, aliyefariki mwaka 1979, kisha Hugh George, Lodi wa tano, aliyefariki mwaka 2024. Vale Royal iliuzwa katika miaka ya 1940, na makao ya ukoo yakabaki Soysambu peke yake. Ardhi hiyo iliendelea kuleta maswali makali. Mjukuu wa Lodi wa tatu hakuwa na kesi, lakini kitukuu chake, aliyeitwa pia Thomas, alishtakiwa kwa kumuua mtu kwa risasi shambani mwaka 2006. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amempiga risasi na kumuua mtumishi wa Shirika la Wanyamapori, kesi ambayo iliondolewa mahakamani na kuzusha hasira nchini. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia. Alifariki mwaka 2016, kabla ya babake, na cheo kikamrukia na kumwendea mwanawe.

Soysambu sasa ni hifadhi ya wanyama na ndege, na ziwa Elmenteita limo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2011. Jina la Delamere lililo katika pakiti za mtindi nalo lilinunuliwa na Brookside, kampuni iliyoanzishwa na familia ya Kenyatta.

Hitimisho

Mwaka 1931, Delamere alipokuwa akikaribia kufa, Jomo Kenyatta alisafiri kwenda Uingereza kwa mara ya pili kupeleka malalamiko ya Wakikuyu kuhusu ardhi. Mmoja alikuwa na jina alilolirithi pamoja na cheo, mwingine alikuwa na jina alilojichagulia ukubwani. Historia ilimpa wa pili barabara ya wa kwanza.

Je, hiyo inatosha? Maisha ya Delamere yanatufunza mambo mawili yanayoonekana kupingana. Kwanza, alichangia kweli katika kilimo na ufugaji wa nchi hii, tena kwa mali yake mwenyewe, na kukanusha hilo ni kuipotosha historia. Pili, mchango huo ulisimama juu ya ardhi iliyotwaliwa kwa mikataba iliyovunjwa na waliyoiandika, na matunda yake yalikusudiwa kabila moja la watu. Kosa lake kubwa halikuwa ukatili wa moyo. Lilikuwa imani kwamba kuna watu waliozaliwa kumiliki na wengine waliozaliwa kuchunga.

Imani hiyo haikuzikwa naye Soysambu. Sanamu huondolewa kwa siku moja, na kibao cha barabara hubadilishwa kwa saa moja. Ugawaji wa ardhi huchukua vizazi. Mwanafunzi wa lugha anayechunguza majina ya mitaa, masoko na hospitali zetu anapaswa kwenda hatua moja zaidi, akauliza ni nini kilichobadilika pamoja na jina, na ni nini kilichohamishwa tu kutoka ukoo mmoja hadi mwingine. Wamaasai waliotolewa Elmenteita na Laikipia nao wana nasaba na simulizi zao, na nyingi bado hazijaandikwa kwa Kiswahili. Kazi hiyo inatungoja.